Je, Wajua? Mpiga Solo wa Mji Kasoro Bahari

Je, wajua kwamba bendi nyingi za Tanzania zilizobeba jina la Jazz hazikupiga jazi hata siku moja? Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz, Vijana Jazz, na orodha haiishi leo. Ukizisikiliza santuri zao ukitafuta Louis Armstrong au Duke Ellington kajificha wapi, utarudi mikono mitupu. Utakachokuta ni magitaa yanayojibizana, tumba, besi inayokuja na kuondoka, saksafoni pembeni, na kijana analalamika kwa Kiswahili fasaha kwamba mchumba amebadilika.

Jina ndilo lililotangulia kufika. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, enzi ambazo kijana wa mjini alitaka kuonekana wa kisasa: viatu vinang'aa, suruali imepigwa pasi, dansi la ukumbini. Kujiita Jazz kulitosha kuwaambia watu kwamba hapa hakuna ngoma ya kijijini. Wala hatukuwa peke yetu. Kongo walikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953 na OK Jazz ya akina Franco mwaka 1956, na Guinea wakaja na Bembeya Jazz mwaka 1961. Homa ilikuwa moja, kila mji ukaugua kwa lugha yake.

Hapa kwetu bendi zilikuwa pia vyama vya watu wa kwao. Western Jazz iliundwa Dar es Salaam na watu waliotoka Jimbo la Magharibi, ndiyo maana ya jina lake. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilikuwa ya watu wa Kilwa. Mtu akishuka kwenye treni na sanduku lake la bati, hajui mji wala mji haumjui, wikiendi alijua pa kwenda kusikia lafudhi ya nyumbani.

Na muziki wenyewe ulitoka wapi? Cuba, kwa meli. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri za kizito za kuzungushwa mara 78 kwa dakika, zikiwa na herufi GV, zenye nyimbo za Cuba na visiwa jirani, na zikauzwa Afrika. Miongoni mwa za mwanzo ulikuwamo wimbo wa muuza karanga, El Manisero, wa okestra ya Don Azpiazu. Midundo ile iliondoka Afrika na watumwa, ikarudi ikiwa imevaa tarumbeta, na wazee wetu wakaipokea kama mgeni ambaye sura yake si ngeni.

Hakuna aliyeipokea kwa moyo kama Salum Abdallah wa Morogoro. Alizaliwa mwaka 1928, na inasimuliwa kwamba akiwa kijana alitoroka nyumbani kwenda Mombasa akitafuta meli ya kumfikisha Cuba. Hakufika. Akarudi Morogoro, mwaka 1948 akaanzisha kikundi alichokiita La Paloma, na mwaka 1952 kikageuka Cuban Marimba. Asiyeifikia Cuba akaijenga chini ya milima ya Uluguru. Nyimbo zake zilirekodiwa kwenye lebo ya Mzuri ya Mombasa, na mpaka leo ukipiga Ngoma Iko Huku mbele ya watu wazima, mabega yataanza kucheza kabla ya miguu. Alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965, hajafikisha miaka 40, na uongozi wa bendi ukashikwa na Juma Kilaza.

Ukiniuliza nani mwanzilishi, mimi nitamtaja Salum Abdallah kwanza, kisha nitakaa vizuri nizungumze habari za mwingine. Maana wakati Salum anaondoka, upande wa pili wa mji huohuo, kwa mahasimu wake Morogoro Jazz, kulikuwa kumeingia kijana mwembamba anayeitwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Je, wajua kwamba Mbaraka na Morogoro Jazz walikuwa marika? Yeye alizaliwa Juni 1944, na bendi iliundwa mwaka huohuo. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, na kwa muda mfupi akawa kila kitu: mtunzi, mwimbaji, mpiga gitaa la solo na sura ya bendi. Mashabiki wakambandika cheo kisichotolewa na wizara yoyote, Soloist National. Morogoro watu wanaiita mji kasoro bahari, na ushindani wa Cuban Marimba na Morogoro Jazz uliwagawa wakazi wake kama Simba na Yanga wanavyotugawa leo. Bendi moja ikitoa wimbo, nyingine hailali mpaka ijibu.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye kibanda cha supu jirani na machinjio ya Vingunguti. Wenyeji wanajua raha ya vibanda vile: supu ya makongoro imewahi kutoka jikoni, ndimu imekatwa vipande, chapati bado zina joto, na redio imening'inizwa msumarini. Ukapigwa wimbo uitwao Shida. Kijana wa bodaboda, kofia ngumu iko mapajani, akaacha kutafuna.

“Mzee, shikamoo. Huyu anayepiga gitaa ni nani?”

“Marahaba. Mbaraka huyo, mjukuu wangu. Baba yako labda alikuwa bado anatambaa.”

“Anapiga wapi siku hizi?”

Mzee akacheka mpaka supu ikamwagika kwenye kanzu. “Amefariki sabini na tisa, Mombasa.”

Kijana akawaza kidogo, halafu akamgeukia mwenye kibanda. “Mama, ongeza sauti basi.”

Nadhani najua kilichomshika. Nyimbo nyingi za dansi la wakati ule zina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno: mwimbaji anatoa kisa chake taratibu, wenzake wanamuitikia, magitaa yanakaa nyuma kwa adabu. Kisa kikiisha, wimbo unageuka. Ngoma zinachangamka, waimbaji wanabaki na kibwagizo kifupi tu, na solo inatoka mbele. Gitaa la ridhimu linasaga mahali pamoja bila kuchoka, solo ya pili inajibu, besi inaacha mapengo ya makusudi ambayo mchezaji anayajaza kwa kiuno. Mpiga solo anachukua kipande kifupi kwenye nyuzi nyembamba, anakirudia, anakirudia tena, kisha anabadilisha sauti moja tu, na ukumbi mzima unapiga kelele. Hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwa Mbaraka. Wapo waliokuwa na kasi kuliko yeye. Yeye alijua kungoja, na huwezi kumfundisha mtu hilo kwa wiki mbili.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka. Maonyesho yale yalianza Machi yakaisha Septemba, na yalipokea watu zaidi ya milioni 64, wakati nchi yetu nzima haikuwa hata na milioni 15. Hebu fikiria bendi ya mkoani, iliyozoea kupiga kumbi za Msamvu na Kilosa, imesimama mbele ya umati ule. Waliporudi, Mbaraka alifanya anachofanya mtunzi yeyote wa kwetu akirudi safari: alitunga wimbo wa kusimulia safari, akauita Expo 70. Wimbo wake mwingine unaitwa Jogoo la Shamba, jina lililochukuliwa kwenye methali ya jogoo asiyewika mjini. Yeye alikuwa ameshawika mpaka Osaka.

Nyimbo zilikuwa pia gazeti. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 mkuu wa mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi katika mgogoro wa shamba, wakati wa siasa za vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa akanyongwa. Mbaraka akatunga wimbo wa maombolezo uliobeba jina la Dk. Kleruu. Wanahistoria wameandika kurasa nyingi juu ya kifo kile, lakini watu wengi wa rika la wazazi wangu walilijua jina hilo kwa sababu ya gitaa.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz akaongoza bendi yake, Orchestra Super Volcano. Anayeujua utaratibu wa bendi za zamani ataelewa uzito wa hatua ile. Vyombo vilikuwa mali ya chama, shirika au tajiri. Mwanamuziki akigombana na uongozi, hata kama ndiye anayejaza ukumbi, anatoka mlangoni na koti lake tu, gitaa linabaki. Ndiyo maana historia ya dansi la Tanzania imejaa habari za watu kuhama usiku na bendi kunyang'anyana waimbaji. Mlimani Park Orchestra, ile ya Sikinde, ilipoanza mwaka 1978 ilichukua vichwa vya bendi nyingine kadhaa, akiwemo Muhidin Gurumo kutoka JUWATA na Michael Enoch aliyewahi kuing'arisha Dar Jazz.

Kenya ndiko Super Volcano ilikouza. Shida, iliyotoka huko kwenye santuri, ilikuwa miongoni mwa nyimbo zilizouzwa sana nchini humo, na wapo Wakenya wanaoapa mpaka leo kwamba Mbaraka alikuwa wa kwao. Na hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, ukabaki umefungwa mpaka mwaka 1983. Serikali hazisemeshani, mabasi hayavuki, lakini Mbaraka yuko Kenya, anapiga, anauza. Ndiko mauti yalikomkuta, kwa ajali ya gari Kisauni, Mombasa, Januari 1979. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mabingwa wawili wa mji mmoja, Salum na Mbaraka, barabara iliwachukua wote wawili.

Kampuni ya Polygram ya Nairobi ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, toleo baada ya toleo. Ukikuta moja mnadani ikiwa haina mikwaruzo, usiulize bei mara mbili.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya sauti hizi ilinaswa umbali mdogo tu kutoka Vingunguti? Toka pale kwenye supu, shika Barabara ya Nyerere kuelekea mjini, safari fupi ya bodaboda inakufikisha kwenye majengo ya redio ya taifa. Zamani barabara hiyo ilikuwa Barabara ya Pugu, na redio ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, mjukuu wa Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1951. Bendi zilikuja na mashairi yao, yakapitiwa kwanza, maneno yasiyofaa yakaondolewa, kisha wote wakaingia chumba kimoja. Hakuna cha kurekodi besi leo na sauti kesho. Mnapiga pamoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, vipaza sauti vichache, mkanda unazunguka, na mpiga tumba akikosea dakika ya tano mnarudi mwanzo wote. Ukizisikiliza rekodi zile kwa makini unausikia woga huo: kila mtu anamsikiliza mwenzake kwa sababu hana namna nyingine.

Faida yake ilikuwa kubwa, na hasara pia. Redio ilizifikisha nyimbo Kigoma na Mtwara kwa usiku mmoja, bila mtu kununua chochote. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo biashara yenyewe ilikwenda Nairobi, na mwanamuziki wa Dar aliyejulikana na taifa zima angeweza kuwa anapanda basi kwa nauli ya kukopa. Mikanda ikabaki rafuni. Kwa maoni yangu hazina ile ina thamani kuliko maghala mengi yaliyopangana kwenye barabara hiyohiyo, na inastahili walau ulinzi wa kiwango kilekile.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz wakawa na Segere Matata, na Morogoro Jazz walibadili kadiri miaka ilivyokwenda, ukiwemo Masika na Sululu. Msondo ya NUTA Jazz na Sikinde ya Mlimani Park ni majina yaliyotoka kwenye ngoma za pwani, na ndivyo bendi zilizojitenga na ngoma mwaka 1932 zilivyojikuta miaka 40 baadaye zikirudi kuomba majina kwa bibi zao Wazaramo.

Na waajiri? Baada ya uhuru bendi zilipata baba mpya. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina bendi nayo ikabadili: JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, mwisho wakachoka wakajiita Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, Magereza walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na Mwenge Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Mpiga tarumbeta alikuwa na mshahara wa mwezi. Wasanii wa leo wakisikia hivyo hudhani unawatania.

Sasa tuvuke bahari, maana deni la jina lililipwa kwa namna ambayo wengi hawaijui. Novemba 1960, mwaka mzima na zaidi kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, mpiga piano Randy Weston aliingia studio New York kurekodi albamu aliyoiita Uhuru Afrika. Mpangaji wa muziki alikuwa Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, wakati ambao wanawake katika kazi hiyo walihesabika kwa vidole. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno ya uhuru, na mtu aliyeyasoma kwa Kiswahili mbele ya okestra ile alikuwa Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, huyuhuyu ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa Makete. Makaburu walipoisikia, mwaka 1964 wakaipiga marufuku Afrika Kusini. Kwa hiyo Kiswahili kiliingia kwenye jazi yenyewe, ile ya Marekani, wakati Mbaraka bado ni mwanafunzi.

Hakikuwa kisa cha peke yake. Mwaka 1958 Wilbur Harden na John Coltrane walirekodi Tanganyika Strut. Mwaka 1964 Lee Morgan akatunga Mr. Kenyatta. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpiga piano Herbie Hancock aliongoza kundi ambalo kila mmoja alijipa jina la Kiswahili: yeye mwenyewe Mwandishi, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, na mpiga tromboni Julian Priester akajiita Pepo Mtoto, jina ambalo sidhani kama bibi yeyote wa Vingunguti angekubali mjukuu wake apewe. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson aliitwa Mganga, na huyo alistahili, kwa sababu alikuwa daktari kamili mwenye digrii ya udaktari.

Leo ukipita Vingunguti usiku wa Jumamosi utakachosikia kutoka uchochoroni ni singeli, midundo 200 na zaidi kwa dakika, vipande vya taarab vimekatwakatwa kwenye kompyuta, na kijana anaimba kama anayefukuzwa na mgambo. Studio za muziki huo, kama ya Sisso kule Mburahati, ziliupeleka mpaka Ulaya: mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Wazee husema ni kelele. Wazee wa mwaka 1932 nao walisema hivyohivyo juu ya dansi, na wale wa ngoma ya beni waliwahi kuambiwa hivyo kabla yao. Gitaa la solo halimo kwenye singeli, lakini ile tabia ya kushika kipande kimoja kifupi na kukirudia mpaka ukumbi upagawe ingalimo.

Na kama unataka kujua mji huu unamkumbuka vipi mpiga muziki, panda daladala ya Sinza. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila na kuimba habari za wanyonge mpaka kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ikamrekodi Uingereza na kutoa Songs for the Poor Man mwaka 1989. Alifariki Desemba 2010. Kituo cha karibu na alipokuwa akiishi kinaitwa Kwa Remmy. Konda akikitaja haelezi Remmy ni nani, na ukimuuliza atakujibu ushuke haraka, gari linawahi foleni.